Kiambatisho kimeingia, usikifungue kwanza: kuikinga kompyuta ya nyumbani na virusi vya barua pepe

Mtu ameagiza gari Japani, malipo ya kwanza yameshakwenda, sasa anasubiri nyaraka za meli. Asubuhi inaingia barua pepe yenye kichwa cha Kiingereza, "Shipping documents", na kiambatisho kinachoitwa BL_COPY_pdf.zip. Anayesubiri nyaraka atakifungua tu, tena kwa mbio. Aliyekituma hamjui, wala hajui kama kuna gari. Barua ileile ameituma kwa maelfu ya anwani, akijua kwamba mji wenye bandari kama Dar es Salaam haukosi watu wanaosubiri mzigo, ankara, hati ya malipo ya benki au barua ya kuitwa kwenye usaili.

Virusi vinavyokuja kwa njia hii siku hizi mara nyingi haviharibu kitu cha kuonekana. Jamii kama Agent Tesla na FormBook, ambazo kwa miaka mingi zimesambazwa kwa ankara na nyaraka za mizigo za uongo, kazi yake ni kuchota nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, kurekodi unachoandika kwenye kibodi, na kupeleka vyote kwa bwana wao. Kompyuta haigandi na hakuna faili linalofutika. Hasara inakuja baadaye: mtu anaingia kwenye barua pepe yako, anasoma mazungumzo yako na muuzaji, na siku ya kulipa salio anakuletea ankara yenye nembo ileile na namba ya akaunti tofauti. Aina nyingine ni ile inayofunga mafaili yako yote na kudai kikombozi. Hiyo haijifichi.

Kiambatisho kilicholala kwenye kikasha hakina la kukufanya. Karibu mara zote kinangoja mtu akipakue na kukibofya mara mbili. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kinga hufanywa siku ambayo husubiri chochote: unaiandaa mashine ili hata siku ukikosea, kosa lisifike mbali.

Windows iliyowekwa na fundi

Tuanze hapa kwa sababu hapa ndipo kompyuta nyingi za nyumbani mjini zinapovuja. Laptopu nyingi za mtumba za Kariakoo huuzwa zikiwa na Windows na Office ambazo leseni yake imevunjwa. Programu inayovunja leseni hutambuliwa na Defender, yaani antivairasi ya Windows yenyewe, kuwa ni hatari. Kwa hiyo fundi huizima Defender kwanza, au huiambia isikague folda fulani. Akiwa na haraka, diski C nzima. Mnunuzi anaondoka na mashine inayoonyesha alama ya kijani ya ulinzi, kumbe mlango wa uani uko wazi.

Kukagua ni kazi ya dakika tano. Bofya Start, andika Windows Security, fungua, kisha ingia "Virus & threat protection". Chini ya "Virus & threat protection settings" bofya "Manage settings". Vitu vitatu lazima viwe vimewashwa: "Real-time protection", "Cloud-delivered protection" na "Tamper Protection". Hiki cha tatu wengi hawakijui, nacho ndicho kinachozuia programu nyingine kuizima Defender kimyakimya. Shuka hadi mwisho wa ukurasa, fungua "Exclusions", kisha "Add or remove exclusions". Kwenye kompyuta ya nyumbani orodha hiyo inapaswa kuwa tupu. Ukikuta C:\ au folda ya Downloads au Temp, ondoa. Ukikuta vitufe havibonyezeki na kuna maneno "This setting is managed by your administrator", wakati kompyuta ni ya kwako na si ya ofisi, basi kuna mtu aliyebadilisha kanuni za ndani. Mashine ya namna hiyo ni bora uisafishe kabisa na kuweka Windows upya kuliko kuipaka rangi.

Kuweka upya kunahitaji flashi ya gigabaiti 8 au zaidi na zana ya bure ya Microsoft iitwayo Media Creation Tool. Usiogope habari ya leseni. Laptopu nyingi zilizouzwa zikiwa na Windows 10 zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao mama, hivyo ukiweka toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, linajiidhinisha lenyewe likipata intaneti. Hata lisipojiidhinisha, Windows huandika maneno ya kukumbusha kwenye kona ya skrini na kukunyima kubadili picha ya mandhari, lakini inaendelea kupokea masasisho ya usalama. Kati ya kero hiyo na programu ya kuvunja leseni usiyojua imebeba nini, chagua kero mpaka utakapopata pesa ya leseni.

Ukitaka kuhakikisha antivairasi iko macho kweli, kuna faili la majaribio la EICAR, lenye herufi 68 tu, lisilo na madhara yoyote. Antivairasi zote kubwa zimekubaliana kulichukulia kama kirusi. Lipakue kutoka tovuti ya eicar.org. Defender isipopiga kelele, kuna kitu kimezimwa.

Usiongeze antivairasi ya pili juu ya nyingine inayofanya kazi. Mbili zikikagua faili moja kwa wakati mmoja hugombana, mashine inakuwa nzito, na mwisho wa siku mwenye nyumba anazima zote.

Bando na masasisho

Wengi huweka Wi-Fi ya simu kuwa "Metered connection" ili Windows isile bando. Akili hiyo ni nzuri, ila ina gharama: masasisho mengi yanangojeshwa, na mwezi ukipita mashine inakuwa na mianya ambayo dunia nzima inaijua. Microsoft hutoa masasisho makuu ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, ambayo kwa saa zetu ni saa mbili au saa tatu usiku. Kwa hiyo chagua siku moja katika wiki inayofuata, nunua bando la usiku, ondoa alama ya "Metered connection", fungua Windows Update, iache imalize mpaka iombe kuzimwa na kuwashwa, kisha rudisha alama.

Kama intaneti ya nyumbani haitoshi kabisa, angalau orodha ya virusi ya Defender inaweza kupakuliwa kwingine na kubebwa kwa flashi. Faili linaitwa mpam-fe.exe, linatolewa na Microsoft bure, lina zaidi ya megabaiti 100, na ukilibofya linajiweka lenyewe. Lichukue kwenye tovuti ya Microsoft tu.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Anayejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza anaongezewa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Mashine isiyokubali Windows 11 na inayotumika kwa barua, kuandika na YouTube itaishi vizuri kwa Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, na viambatisho vyenye programu za Windows haviwezi kujiendesha humo kwa kubofywa tu.

Usiisahau Office. Mwaka 2017 uligunduliwa mwanya katika kifaa kidogo cha kuandikia milinganyo ya hesabu ndani ya Word. Sasisho lilitolewa Novemba mwaka huohuo, na Januari 2018 kifaa chenyewe kikaondolewa. Office iliyovunjwa leseni na kuzimiwa masasisho tangu siku hizo bado inacho. Kwenye mashine hiyo, kufungua tu faili la .rtf au .doc lililotegwa kunatosha. Haihitajiki kubofya kitu kingine. Kama Office yako ni ya 2007 au 2010 na hujui mara ya mwisho ilisasishwa lini, iondoe uweke LibreOffice. Ni kama megabaiti 350, haina malipo, na inafungua karibu kila kitu cha Word na Excel. Majedwali yenye mbwembwe nyingi yatapinda kidogo, hilo tulikubali.

Soma jina la faili mpaka mwisho

Tarehe 4 Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilianzia Ufilipino na kuzunguka dunia ndani ya saa chache. Kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Watu waliona ".TXT" wakadhani ni maandishi matupu, kwa sababu Windows ilificha zile herufi za mwisho, .vbs, ambazo ndizo zinazoiambia kompyuta kwamba hii ni programu ya kuendeshwa. Zaidi ya miaka 25 imepita na Windows mpya bado inazificha usipoibadilisha. Kwa nini Microsoft wameng'ang'ania jambo hili hatujapata kuelewa.

Kwenye Windows 11, fungua folda yoyote, bofya View, kisha Show, na weka alama kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 10 alama hiyo iko moja kwa moja chini ya View. Tangu hapo Ankara.pdf itaonekana Ankara.pdf, na ile ya uongo itaonekana Ankara.pdf.exe.

Herufi za mwisho ambazo hakuna benki, mwajiri wala wakala wa forodha mwenye sababu ya kukutumia ni hizi: .exe, .scr, .com, .bat, .cmd, .js, .jse, .vbs, .vbe, .wsf, .hta, .ps1, .msi, .jar, .chm, .lnk, .iso, .img na .vhd. Ukiona mojawapo, futa barua na uendelee na shughuli zako. Zile za .docm, .xlsm na .xlam ni nyaraka za Office zenye makro, yaani programu ndogo ndani ya waraka. Ofisi chache huzitumia kihalali, lakini hazitumi kwa mtu wa nje bila kumwambia. Faili la .one la OneNote lilivuma kwa ubaya mwanzoni mwa 2023. Kuhusu .html na .svg tutakuja.

Kuna mawili ambayo mpangilio huu hauyatibu. La kwanza, .lnk haionyeshi herufi zake hata ukiweka alama ile. Ni njia ya mkato, na unaitambua kwa mshale mdogo kwenye kona ya ikoni. Kiambatisho chenye mshale huo hakijawahi kuwa waraka. La pili, kuna herufi isiyoonekana inayogeuza mwelekeo wa maandishi, hivyo faili linalomalizikia .exe linaweza kuandikwa skrini kana kwamba linaishia na "exe.doc" au "exe.pdf". Dawa ya yote mawili ni kuangalia folda kwa mtindo wa "Details" na kusoma safu ya "Type". Jina linaweza kudanganya, ila safu hiyo ikisema "Application" au "Shortcut", hiyo si PDF.

Ongeza kinga moja ambayo haigharimu hata shilingi. Fungua Notepad, hifadhi faili tupu kwenye Desktop kwa jina jaribio.js, ukichagua "All files" kwenye "Save as type". Libofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Open with", kisha "Choose another app", chagua Notepad na ubofye "Always". Rudia kwa .jse, .vbs, .vbe, .wsf na .hta. Baada ya hapo, mtoto akibofya kiambatisho cha aina hiyo, kitakachofunguka ni maandishi yasiyoeleweka ndani ya Notepad, basi. Kazi za kawaida za nyumbani haziathiriki.

Mpe pia kila mtu wa nyumbani akaunti yake ya kawaida, "Standard user", na akaunti ya msimamizi ibaki kwa kuweka programu tu. Hilo litazuia kirusi kujichimbia ndani ya Windows. Halitazuia kusomwa kwa nywila wala kufungwa kwa mafaili ya mtu aliyekibofya, kwa kuwa hayo hayahitaji usimamizi. Tunalisema kwa sababu wengi huuzwa wazo kwamba linamaliza kila kitu.

Barua imeingia, unafanyaje

Fungulia kwenye kivinjari kabla ya kupakua. Katika Gmail, ukibofya picha ya kiambatisho badala ya mshale wa kupakua, waraka wa Word, Excel au PDF unaonyeshwa kutoka kompyuta za Google. Makro hazifanyi kazi humo na hakuna kinachogusa diski yako. Ukibofya zipu, yaani faili lililofungasha mafaili mengine ndani yake, utaona majina ya yaliyomo bila kuipakua. Kama ndani ya "nyaraka za meli" kuna faili moja tu lenye mojawapo ya zile herufi za hatari, umeshamaliza uchunguzi. Onyesho likikataa, au waraka ukionyesha ukungu na maneno ya "bofya hapa kuona vizuri", usipakue. Linki iliyomo ndani ya PDF inabaki kuwa linki, hata ukiwa kwenye onyesho.

Zipu yenye nywila, na nywila yenyewe imeandikwa kwenye barua hiyohiyo, ni ishara mbaya kuliko nyingi. Nywila inayotumwa pamoja na kufuli haimzuii mtu yeyote kusoma. Anayezuiwa ni mkaguzi: Gmail huzuia .exe, .js na .iso hata zikiwa ndani ya zipu, lakini mafaili yaliyofungwa kwa nywila haiwezi kuyakagua ndani. Taasisi halali zinazofunga taarifa za benki kwa nywila hutumia kitu unachokijua tayari, kama sehemu ya namba yako ya akaunti, wala haziiandiki hapo.

Kiambatisho cha .html ukikifungua kinaleta ukurasa wa kuingia Gmail au Microsoft, mzuri kabisa, pengine hata anwani yako imeshajazwa. Tazama juu kwenye sehemu ya anwani. Kama inaanza na file:///C:/ maana yake ukurasa unatoka kwenye folda yako ya Downloads na nywila utakayoandika inakwenda kwa mwizi. Hakuna kampuni inayokutaka uingie kwenye akaunti yake kupitia faili lililo kwenye diski yako. Faili la .svg, ambalo watu hulidhania picha tu, linaweza kufanya mchezo uleule.

Mtumaji je? Jina linaloonekana ni maandishi ya kujichagulia. Bofya jina hilo uone anwani kamili. Lakini anwani sahihi nayo haitoshi, maana barua nyingi mbaya hutoka kwenye akaunti halisi iliyoibwa, tena kama jibu la mazungumzo yenu ya wiki iliyopita. Kipimo kisicho na mfano wake ni simu, kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya barua: "Dada, umenitumia profoma saa nne hii?" Jibu likiwa "hapana", umeokoa watu wawili, kwa sababu naye sasa anajua akaunti yake imeingiliwa. Namba mpya ya akaunti ya benki usiilipe kamwe kabla ya simu hiyo, hata kama ankara imekuja bila kirusi.

Ukiwa bado na shaka na faili umeshalipakua, usilibofye. Tovuti ya VirusTotal hulipitisha faili moja kwenye antivairasi zaidi ya 60. Tahadhari: unachopakia pale kinaweza kuonwa na wateja wake, kwa hiyo usipakie mkataba wala nakala ya pasipoti. Kwa waraka wa siri, tafuta alama yake ya vidole tu, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaolitambulisha faili: fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika Get-FileHash, acha nafasi, buruta faili ndani ya dirisha, bonyeza Enter, kisha nakili mfuatano uliotoka uubandike kwenye sehemu ya kutafuta ya VirusTotal. Jibu la "halijulikani" halimaanishi salama. Kirusi kilichotengenezwa jana usiku nacho hakijulikani.

Mstari wa njano na flashi ya steshenari

Faili likipakuliwa kutoka intaneti, Windows hulibandika alama isiyoonekana inayosema limetoka nje. Word ikiiona alama hiyo hufungua waraka kwa "Protected View", ule mstari wa njano juu, na tangu 2022 Microsoft imekuwa ikizuia makro za mafaili ya aina hiyo kabisa, kwa mstari mwekundu. Wenye virusi wakajibu kwa maelekezo: "bofya Enable Editing", "bofya Enable Content", au hata "bofya kitufe cha kulia, Properties, weka alama kwenye Unblock". Waraka unaokufundisha namna ya kuzima ulinzi umejitambulisha wenyewe.

Sasa sikiliza jambo linalowapata watu wa hapa zaidi kuliko wengine. Alama hiyo inakaa kwenye diski za mfumo wa NTFS tu, yaani namna Windows inavyopanga mafaili kwenye diski yake. Flashi nyingi zimepangwa kwa mifumo mingine, FAT32 au exFAT. Ukifungua barua pepe yako steshenari, ukapakua waraka, ukauweka kwenye flashi na kurudi nao nyumbani, alama imebaki steshenari. Word ya nyumbani itaufungua kama waraka wako mwenyewe, bila mstari wa njano. Hali kadhalika ukitoa faili ndani ya zipu kwa 7-Zip: kwa mipangilio yake ya kawaida hairithishi alama. Ingia Tools, Options, kichupo cha 7-Zip, weka "Propagate Zone.Id stream" kuwa Yes. Wapenzi wa WinRAR, programu nyingine ya kufungua zipu, wajue haijisasishi yenyewe. Matoleo yaliyotangulia 6.23 ya 2023 yana mwanya unaoruhusu kirusi kujiendesha mtu anapofungua picha tu ndani ya zipu, na mwingine uliotumiwa kwa viambatisho ulizibwa kwenye 7.13 ya 2025. Pakua toleo jipya juu ya la zamani.

Kwa upande wa Word, zima makro moja kwa moja: File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, Macro Settings, kisha chagua "Disable all macros without notification". Rudia kwenye Excel. Hapo hata faili lisilo na alama halitapata kitufe cha kumshawishi mtu.

Na ukienda kuchapa, mpe mhudumu faili kutoka kwenye simu yako badala ya kuingia barua pepe kwenye mashine yake. Akaunti zinazoachwa wazi kwenye kompyuta za watu wengi ndizo zinazotuma viambatisho vya kesho.

Nakala ya akiba

Nunua diski ya nje, nakili mafaili yako mara moja kwa wiki, kisha ichomoe. Diski inayobaki imechomekwa itafungwa na kirusi pamoja na kompyuta. Kabla ya kuiamini, ijaribu kwa programu ya bure ya H2testw, inayojaza diski nzima na kuisoma tena. Flashi za "terabaiti 2" zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana huwa na gigabaiti chache tu ndani, na mafaili yanayozidi hapo hupotea bila onyo. Vyeti, hati ya kiwanja na picha za watoto viweke pia Google Drive, yenye gigabaiti 15 za bure.

Windows Security ina kitu kinaitwa "Controlled folder access" chini ya "Ransomware protection". Kinazuia programu zisizojulikana kuandika kwenye Documents na Pictures. Kitakuletea usumbufu siku za kwanza, maana hata programu halali zitakataliwa mpaka uziruhusu. Vumilia.

Umeshabofya

Ukiona majina ya mafaili yanabadilika moja baada ya jingine, shikilia kitufe cha umeme mpaka mashine izime. Vinginevyo iache ikiwa imewaka lakini kata intaneti: zima Wi-Fi, zima hotspoti ya simu, chomoa modemu. Usichomeke diski ya akiba ili "kuokoa" mafaili.

Chukua kifaa kingine, simu inafaa. Badili nywila ya barua pepe kwanza, kwa sababu nyingine zote hurejeshwa kupitia hiyo, kisha za benki, kisha zilizobaki. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya simu badala ya SMS ukiweza, maana laini za simu huibwa. Kubadili nywila peke yake hakutoshi: virusi hivi huiba pia vidakuzi vya kivinjari vinavyomwezesha mtu kuwa ndani bila nywila, kwa hiyo ingia kwenye sehemu ya usalama ya akaunti ya Google na uondoe vifaa vyote usivyovitambua. Halafu kwenye Gmail, kupitia kompyuta salama, fungua Settings na ukague vichupo vya "Filters and Blocked Addresses" na "Forwarding and POP/IMAP". Wezi hupenda kuacha kanuni inayopeleka nakala za barua zako kwao, au inayofuta majibu ya muuzaji kabla hujayaona. Hapa ndipo wengi wanaodhani wamepona wanapopigwa mara ya pili.

Rudi kwenye kompyuta. Windows Security, "Scan options", chagua Microsoft Defender Offline. Mashine itajizima na kukagua kabla Windows haijaamka, kama dakika 15. Laptopu iwe na chaji ya kutosha, umeme wa TANESCO usikukatie katikati. Ukitaka jicho la pili, Microsoft Safety Scanner ni ya bure, ila nakala yake hufa baada ya siku 10. Pakua mpya kila unapoihitaji. Kama kilichofunguliwa kilikuwa mwizi wa nywila, tunashauri uweke Windows upya hata ukaguzi ukisema pako safi. "Reset this PC" kwa njia ya "Cloud download" hula zaidi ya gigabaiti 4, hivyo ile flashi ya Media Creation Tool ni nafuu.

Mafaili yakifungwa, usilipe kikombozi kabla ya kupitia nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Unapakia faili moja lililofungwa, unaambiwa kama kuna ufunguo wa bure. Si aina zote zina ufunguo. Mafaili yatunze, kwani funguo nyingine hupatikana baada ya miaka.

Pesa ikiwa imeshatumwa kwenye akaunti ya uongo, pigia benki yako saa hiyohiyo uombe malipo yazuiwe, kisha fungua jalada polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu mambo haya. Tukio pia linaweza kuripotiwa TZ-CERT, kitengo cha matukio ya usalama wa kompyuta kilicho chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Peleka barua yenyewe bila kuifuta, kwa kuwa njia iliyopita imeandikwa kwenye kichwa chake cha ndani, na picha ya skrini haina habari hiyo.

Wale walio kwenye orodha yako ya anwani wajulishe kwa simu au WhatsApp kwamba wasifungue kitu kilichotoka kwako. Ukiwaandikia kutoka kwenye barua pepe ileile iliyoingiliwa, watashindwa kujua ni wewe au ni yule mwingine.